Mlinzi wa Bwawa la Sekyra

Vendelín Kubata alikuwa mwoga. Kijiji kizima cha Dolní Sekyra kingekubishia, lakini mimi nasema alikuwa mwoga tangu utotoni, na aliogopa kitu kimoja tu: maji. Kazi yake ilikuwa kulinda bwawa.

Msicheke. Katika wilaya yetu ya Jindřichův Hradec mtu hana nafasi ya kuchagua sana. Udongo ni mchanga na matope meusi machungu, baridi huingia mapema, na viazi hutoka vidogo hadi unaona haya kuvimenya mbele ya mgeni. Nchi yenyewe ni bapa, mvua ikinyesha maji hayajui pa kwenda. Ndiyo maana watu wa zamani walichimba mabwawa, moja juu ya jingine, wakayazuia kwa matuta ya udongo na kupanda mialoni juu yake ili mizizi iyashike. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, vijana walivuka mpaka kwenda kutandika vitanda katika hoteli za Austria. Waliobaki walibaki na kapri, samaki mnene ambaye nchi nzima inamtaka mezani mkesha wa Krismasi na mwaka mzima haina habari naye.

Baba yake Vendelín alikuwa mlinzi wa Sekyra, na babu yake pia. Nyumba ya mlinzi iko juu ya tuta lenyewe. Dirisha moja linaangalia maji, la pili linaangalia mapaa ya kijiji, na mapaa yako chini kuliko maji. Mtoto aliyelala kati ya madirisha hayo mawili angekosaje kuogopa? Hakujifunza hata kuogelea. Alipokuwa mtu mzima, mvua ikizidi alitapika kabla ya kwenda kazini. Marehemu mkewe Blažena, ambaye peke yake alijua, alimshikia ndoo na kumfuta uso. Kisha Vendelín alitoka nje akipiga mluzi.

Alikuwa na sababu ya kupiga mluzi. Watu wa chini ya tuta hawayaoni maji, kwa hiyo humtazama mlinzi. Mlinzi akitania, wanaendelea na shughuli zao. Vendelín alitania miaka yote, na alitania vizuri.

Agosti ile mvua ilinyesha wiki nzima, ikapumzika kidogo, kisha ikarudi kwa hasira. Mabwawa ya juu yalijaa na kumwagia maji bwawa la Sekyra. Penye mlango wa kutolea maji ya ziada kuna uzio wa fito za mwaloni, zimepangwa karibu karibu ili maji yapite na kapri wabaki. Matete yaliyong'oka na majani yalikuja kwa wingi yakauziba. Njia ilikuwa moja: kuung'oa uzio, maji yatoke, na samaki watoke nayo.

Lakini kapri wale walikuwa katika kiangazi chao cha mwisho. Oktoba bwawa lingekaushwa, watu wangeshika nyavu, bendi ingepiga, kijiji kingekula na kunywa. Kwetu mlinzi akiachia samaki, hata wajukuu wake wataitwa kwa jina la aibu hiyo. Vendelín akachukua reki. Akasimama juu ya daraja jembamba, mvua ikimpiga mgongoni, akawa anavuta matete. Akivuta fungu moja, yanakuja mawili. Kosa hilo angelifanya mfuga samaki tu. Mtu mwingine yeyote angewaacha wale samaki waende zao.

Řehoř Pexa, mwenye baa, alipita chini na mwavuli.

"Vipi huko juu, Venda?" aliita. "Tuanze kujenga safina?"

"Jenga, bwana, ila bia iingie kwanza!"

"Wewe nakuaminia!" Pexa alicheka, akaenda zake kutangaza kwamba mambo ni shwari.

Vendelín alishuka kukagua mguu wa tuta. Tuta la zamani huvuja kidogo siku zote, na maji yake huwa maangavu. Yakiwa maangavu hakuna neno. Chini ya mwaloni wa mwisho, karibu kabisa na kijiji, alikuta yanabubujika, na yalikuwa ya rangi ya udongo. Tuta lilikuwa linaliwa kutoka ndani. Alihisi mkojo wa moto ukimshuka mguuni, na hakuona hata aibu.

Alikimbia juu, akashika fito, akavuta. Hazikutikisika. Bwawa zima lilikuwa limezilalia. Akachukua shoka akazikata, moja baada ya nyingine, akilia kwa sauti kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsikia. Uzio ulipasuka, maji yakaruka, na migongo ya kapri ikapita chini ya miguu yake, minene, mingi, Krismasi nzima ya kijiji. Alitazama alama ya kimo cha maji kwenye ukuta wa mlango ule. Yalikuwa hayapungui. Alikuwa amechelewa.

Nyumba ya kwanza chini ya tuta ni ya binti yake Hedvika. Mumewe alikuwa kazini Austria, na yeye alikuwa peke yake na mtoto mchanga. Vendelín alifika getini akihema. Hedvika alitoka mlangoni na kitambaa begani.

"Baba! Umelowa chapachapa. Ingia unywe supu."

Hapo ndipo mazoea yalipomsaliti. Mdomo wake ulijichekea wenyewe.

"Supu baadaye. Mngehamia huko juu kanisani kidogo... kubadilisha hewa."

"Na mvua hii? Pexa amesema umesema hakuna shida. Nenda ukavae nguo kavu, utaumwa."

"Haya," alisema Vendelín, na akageuka. Ndiyo, aligeuka! Mtu anajua kifo kiko nyuma ya nyumba ya mwanawe, na bado anasema haya. Alitoka getini, akapiga hatua chache barabarani. Kisha miguu ikakataa. Alirudi, akausukuma mlango, akaingia bila kuvua buti, akamshika binti yake mabega yote mawili.

"Hedvika, naogopa."

"Baba, acha utani wako."

"Naogopa, mwanangu. Tazama mikono yangu! Tuta linakwenda. Mchukue mtoto, usichukue kingine."

Aliitazama ile mikono. Ilikuwa inaruka. Kisha akautazama uso, na ule uso hakuwahi kuuona.

"Tangu lini unaogopa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu nizaliwe. Kimbia!"

Walikimbia. Vendelín alipita barabara nzima akipiga madirisha kwa ngumi na kupayuka kama mwendawazimu. Pexa alitoka na glasi mkononi, tayari kwa mzaha. Alipomwona Vendelín na suruali yake na machozi yake, aliiachia glasi, akakimbilia king'ora cha wazima moto. Hakuna aliyeuliza swali. Walipanda kilimani penye kanisa, wazee wakibebwa mgongoni, mbwa wakitangulia.

Tuta lilipasuka kabla hata mchana haujaisha. Halikutoa mlipuko. Mwaloni wa mwisho ulisogea polepole, bado umesimama wima, kisha ukalala, na maji yakaja nyuma yake. Nyumba ya Hedvika ilikuwa pale, halafu haikuwa pale. Nyingine ziliingia maji hadi madirishani, zikabaki zimesimama.

Juu kilimani mwenye baa alihesabu watu kwa kidole, akarudia. Wote walikuwepo. Wanawake walipiga ishara ya msalaba, mtu mmoja akacheka vibaya akashindwa kunyamaza.

Hedvika alisimama kando ya baba yake, mtoto ndani ya koti lake.

"Ulipotoka getini," alisema hatimaye, "nilifunga mlango. Nilikuwa naenda kulala na mtoto."

Vendelín alikaa chini kwenye nyasi zenye maji, akamwomba ampe mtoto amshike.