Kuipasha Moto Mashine ya Baba

Mwaka huu, mimi dada mtu, nilimpiga kofi mdogo wangu mbele ya mke wake, kwa sababu ya mashine ya kukata majani. Ni mtu mzima, ana mvi kwenye ndevu na pikipiki za biashara hapa Kindu. Alikuwa amekuja kuibeba akaiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kofi lilimfika vizuri, na ningepewa nafasi ningempiga la pili.

Mashine yenyewe ni ya kusukuma: magurudumu manne, mpini mrefu, na injini nyeusi juu ya kisu. Wazungu wa reli waliiacha pamoja na nyumba yao, na baba alikuwa mtunza bustani wa nyumba hiyo tangu kabla sijazaliwa. Unazungusha kamba kwenye kichwa cha injini, unavuta mara moja, inaitika. Hizi za siku hizi za kubeba begani zinalia kama mbu, na zikifa hakuna anayejua kuzifungua. Ile ya baba ilinguruma kutoka tumboni. Harufu yake ya petroli na majani mabichi bado ninayo puani, na mtu akiniambia kile ni chuma tu, mkono unaniwasha.

Vita ilipofika, askari waliuteka mji na mkubwa wao akahamia katika nyumba ile. Ilikuwa nyumba ya mwisho: nyuma yake uwanja, nyuma ya uwanja msitu, na msituni walikuwa vijana wetu wenye bunduki, mdogo wangu mmoja wao. Mji ulifungwa. Mwanamke aliyekwenda shambani hakurudi, au alirudi ametendwa mambo ambayo sitayaandika hapa. Tulilala njaa huku mihogo ikioza ardhini. Wale wa msituni walikuwa na mihogo tele, lakini hawakuwa na chumvi. Basi mdogo wangu alikuwa akitambaa kwenye majani ya uwanja kunapopambazuka, anaacha mihogo chini ya chungu kilichovunjika, anachukua chumvi niliyomfungia kwenye jani la mgomba.

Mvua ya huku kwetu Maniema haina adabu. Majani hukufika magotini kabla hujageuza shingo, na askari wale waliyaogopa majani kuliko risasi. Mkubwa wao akaamuru baba akate uwanja kila asubuhi mvua inapokatika. Askari walimfuata nyuma, bunduki zikielekea majani yaliyobaki. Kikitikisika kitu, wanapiga. Walimuua mbuzi. Walimuua mama mmoja aliyekuwa akichuma matembele, wakamwacha palepale, wakakataza asizikwe, na baba akalazimishwa kukata majani kumzunguka. Mimi nilikuwa nyuma na reki. Majani yalikuja na damu, nikayakusanya, nikayatupa.

Ndipo baba akaanza kuipasha moto. Aliiwasha mwanzoni mwa uwanja, akaiacha ingurume imesimama, yeye akijifuta jasho ambalo hakuwa nalo. Oili ya injini ilikuwa imekwisha mjini, kwa hiyo alitumia mawese aliyoyachuja kwa kitambaa, na moshi ulinuka kama jikoni wanakaanga samaki.

"Kwa nini inalia bila kutembea?" mkubwa wao aliuliza.

"Komanda, mashine hii iko muzee. Bila kuipasha moto, inakufa."

Kwa moshi ule walimwamini. Mimi niliijua mashine ile, haikuhitaji kupashwa moto hata sekunde moja. Nilimtazama baba, na yeye, aliyezoea kuniita mimi binti yake Mama, akasema akiwa ameinama juu ya injini, "Mama, wacha mutoto aende kwanza." Alimaanisha mdogo wangu, aliyekuwa mahali fulani mle kwenye majani na kifurushi chake cha chumvi.

Asubuhi moja mkubwa wao alitoka na ulevi wa jana na hasira ya leo.

"Leo hapana kupasha moto. Sukuma."

Baba alivuta kamba, mashine ikaitika kama kawaida yake, akasukuma. Hapakuwa na upepo. Mbele yake, karibu na kile chungu, majani yalitikisika, na nikasikia nyuma yangu bunduki ikikokiwa.

Pembeni mwa uwanja kulikuwa na kipande cha reli kilichochomoza ardhini, ambacho baba alikuwa amekikwepa maisha yake yote. Siku hiyo aligeuza mashine akaiendesha moja kwa moja juu yake. Kisu kiligonga chuma kwa mlio ulionitoboa meno. Kipande cha kisu kiliruka kikamchana askari mmoja paja, na wote wakamgeukia baba. Walimpiga kwa vitako vya bunduki, kichwani, mbavuni, masikioni, tena masikioni. Nilijitupa katikati, nikapoteza jino. Walipochoka, majani yalikuwa yametulia na hakuna aliyekumbuka kuyapiga risasi.

Damu ilimtoka baba masikioni, na tangu siku hiyo hakusikia kitu tena, wala mvua kwenye mabati, wala jina lake. "Usimwambie mutoto," aliniambia kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Akijua atakuja kulipiza, watamuua." Nikanyamaza. Vita ikaisha, mdogo wangu akarudi, akaambiwa baba alipigwa na askari. Nani hakupigwa? Baba akachonga kisu kipya kutoka springi ya lori, na kila alipoiwasha mashine aliweka kiganja juu ya injini ili ajue inanguruma. Alikufa hivyo. Mimi nikaendelea kunyamaza kwa mazoea.

Mdogo wangu naye, kwenye kila matanga na kila harusi, ana hadithi yake. Siku ya kofi aliirudia huku akiifunga mashine kwenye pikipiki: "Baba alikuwa na mashine mubovu! Mpaka ipate moto, mimi nimeshafika kwa wenzangu. Ubovu wake ndio uliniponyesha." Mke wake akacheka. Ndipo nikampiga.

"Yaya, dada yangu, unanipigia nini?"

"Ile mashine ilikuwa inawaka kwa kamba moja."

"Lakini kila siku ilikuwa inakawia."

"Na siku ile haikukawia, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye majani, karibu na chungu. Nikasikia chuma kinalia, nikakimbia." Alikitazama kisu, kisha mimi. "Masikio ya baba," akasema.

"Njo vile," nikaitikia.

Alifungua kamba taratibu, akaishusha mashine chini peke yake. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya injini iliyokufa zamani, akakaa hivyo kama mtu anayengoja imwambie kitu.