Kamera Iliyotiwa Wino

Mwaka 2017, nikiwa na miaka sitini na moja, mke wangu alinimwagia chai ya moto mkononi. Alidhani anamimina kikombeni. Nilimfokea, nikamwambia aangalie anachofanya. Kumbe alikuwa anaangalia.

Taabu ya nyumba yangu naihesabu tangu asubuhi ile. Hospitali walisema jicho la kushoto limeliwa na presha ya macho na halirudi tena. La kulia likawekwa kwenye matone. Tukaishi kwa matone miaka sita, mimi ndiye mtiaji, yeye ameinua uso kwenye kiti kama mteja wa picha. Halafu mwaka 2023 mtoto wa jicho akalifunika na lile la kulia, na presha ikawa inapanda huko ndani. Daktari akasema lipasuliwe, na tusivuke miezi mitatu. Bima hatuna. Nilimwambia daktari nimeelewa. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, kwa sababu kuelewa hakukunisaidia kitu.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Silii, nasema tu ijulikane. Nilitoka kijijini upande wa Hombolo na kaptula moja, nikapata kazi ya kufagia studio ya Mhindi mmoja hapa mjini. Hakuna aliyenifundisha kupiga picha. Nilikuwa nafagia polepole pale anapofanyia kazi, basi. Alipofunga biashara akanikopesha kamera yake ya Kijerumani, ile ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambayo unaipigia ukiwa umeinama kama unachungulia kisimani. Nikamlipa yote. Nyumba yangu ya hapa mtaa wa Kikuyu imejengwa kwa picha za kitambulisho, nne nne kwenye bahasha, na hakuna mtu aliyenichangia hata tofali.

Sasa msomaji aelewe studio zetu zilivyokuwa, maana ndiko kosa lilikotoka. Mtu akija kupiga picha hakuja kama alivyo. Nilikuwa na koti la studio, moja tu, kubwa, tunalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo ili mbele likae vizuri. Nilikuwa na tai, saa ya mkononi isiyotembea, maua ya plastiki na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Wakulima wa uwele waliokuja na vumbi la magotini wametoka kwangu wakiwa mabwana. Mwenye jicho bovu nilimgeuza upande. Na kovu ambalo halikugeuzika lilikuwa kazi ya mke wangu.

Yeye alikuwa anakaa dirishani na negativu, anasahihisha kwa penseli iliyochongwa mpaka ncha haionekani. Picha ikishatoka, madoa meupe anayaziba kwa wino mweusi na brashi ya nywele tatu. Alikuja mama mmoja mwenye alama ya moto shavuni, alama pana kama kiganja. Mke wangu alifanya kazi siku mbili. Yule mama alipoiona picha aliifunga kwenye kanga, akalipa, akaondoka. Mwaka uliofuata akarudi na dada zake watatu. Ndivyo tulivyokula. Mtu hatoi pesa yake aje kuonyeshwa kovu lake, hiyo niliijua kuliko ninavyojua kusoma.

Simu zilipokuja na kamera ndani, studio ikafa. Vifaa nikaviweka kabatini.

Mtoto wetu ni mmoja, binti, mwalimu wa shule ya msingi huko huko Hombolo, huja nyumbani Jumamosi. Nilipomweleza habari ya daktari ndiye aliyetaja mnada wa mtandaoni. Akanieleza kuwa siku hizi vijana wamerudia kamera za filamu. Unaweka picha na maelezo, watu wanapandishiana bei siku saba, wa juu ndiye mwenye mali. Unautuma mzigo kwa basi. Pesa wanaishika wenye mnada mpaka mnunuzi apokee na aseme ameridhika.

Nikasema maelezo nitaandika mwenyewe, kamera ni yangu. Niliandika kwenye daftari, kutwa nzima, kisha binti akanakili kwenye simu. Niliandika kwamba hii ni kamera nzuri sana, imara, imepiga harusi zisizo na idadi, imewalisha watu, haina tatizo. Picha nilipiga kwa simu yake. Niliiweka kamera kwenye kiti cha studio, maua ya plastiki pembeni, maporomoko ya maji nyuma, nimeigeuza upande wake mzuri.

Binti akaangalia. Akasema baba, kila anayeuza anaandika nzuri sana, neno hilo halina kazi. Akasema harusi zisizo na idadi maana yake imechoka. Akataka nipige karibu na dirisha asubuhi, juu ya shuka jeupe, mbele, nyuma, chini, mlango wa filamu umefunguliwa, na lenzi imulikwe kwa tochi watu waone kama ndani kuna kuvu.

"Hata maiti haifunguliwi hivyo mbele ya watu," nikamwambia.

"Basi acha, baba. Tuone."

Tukaona. Siku saba, hakuna aliyetaja bei. Yalikuja maswali tu. Shata ya kufungulia mwanga inafanya kazi spidi zote? Ile rangi pembeni imechubuka kiasi gani? Piga picha ya chini. Mmoja akauliza kama na pazia linauzwa, binti akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mwezi mmoja ulikuwa umeshakwenda.

Ni kweli ilikuwa imechubuka. Miaka arobaini ya mikono yangu, rangi nyeusi ilikuwa imekwisha kwenye kona zote, shaba inachungulia, njano. Nikawaza kwamba kumbe hilo ndilo linalowakimbiza. Na kwa kovu dawa ninayo ndani ya nyumba.

Ilikuwa Jumatano. Nikamwekea mke wangu kamera mapajani, kichupa cha wino mkono wa kulia, na ile brashi yake. Nikamwambia azibe kona. Nataka ieleweke kwamba ni mimi niliyemwambia, siyo yeye aliyetaka. Lakini alifurahi. Alikuwa hajagusa kazi kwa miaka. Alikuwa anaona kama mtu anayetazama kupitia moshi, kwa hiyo akawa anapapasa kona kwa kidole gumba, akifika pale rangi inapoisha na chuma kinapoanza kuteleza, anapeleka brashi. Alikuwa anaimba kwaya ndani kwa ndani. Hakutia wino hata tone kwenye ngozi ya kamera.

Alipomaliza akaniuliza, "Imekaa?"

"Imekuwa kama bwana harusi."

Akasema, "Wewe unapenda kunisifu unapotaka kitu."

Niliandika upya. Safari hii niliandika kwamba haina mkwaruzo hata mmoja. Jumamosi binti alipofika, akaigeuza kamera mkononi, akauliza imekuwaje mpya. Nikasema nimeisafisha. Aliniangalia. Mwalimu huyo, anajua mtoto anapodanganya, lakini mimi ni baba yake. Akapandisha tangazo.

Bei zilianza siku hiyo hiyo. Siku ya sita walibaki wawili wanaoshindana, na ya saba akabaki mmoja, mtu wa Arusha. Bei aliyofikia ingelipia jicho na nauli na chakula cha wodini. Tukaenda hospitali tukapewa tarehe. Nikaifunga kamera kwenye mto mdogo, ndani ya boksi la mafuta ya kula, nikaipeleka stendi mwenyewe, nikamsimamia yule wa mizigo mpaka akaandika kwa herufi kubwa kwamba kinavunjika.

Siku mbili baadaye simu ikaita. Ni yule mnunuzi, kwa sauti ni kijana tu, na mwenye adabu, jambo lililonifanya nishindwe kumgombeza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imefika?"

"Imefika. Mzee, nimeishika, vidole vimekuwa vyeusi."

Wino ule ni wa karatasi, jasho tu linautoa. Nilikuwa nalijua hilo miaka arobaini.

Akasema, "Nimefuta kona moja, nimekuta shaba nzuri kabisa. Mimi hiyo shaba ndiyo naitafuta, mzee. Ungeiacha ningekupandishia zaidi. Sasa umeificha, na mimi sijui umeficha nini kingine ndani."

Nikamwambia sijaficha kitu ndani. Akasema anaamini, ila hawezi kununua kwa kuamini. Anairudisha. Nikamwambia kuna mgonjwa. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo ili nipewe pesa, na nilipoyasema niliyasikia yanavyosikika, kama ya tapeli yeyote wa simu. Naye aliyasikia hivyo hivyo. Akasema pole mzee, akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Hakukuwa na mtu wa kumfuata wala mlango wa kugonga. Pesa ilikuwa imeandikwa, kisha ikawa haijaandikwa.

Mke wangu nilimdanganya. Nilimwambia mnunuzi amepata dharura, ameghairi. Akasema maskini, Mungu amsaidie. Kamera iliporudi niliiweka mezani na kwenda kumwambia binti kwa simu afute ile tarehe ya hospitali. Niliporudi ndani nilimkuta mke wangu amesimama pale mezani, kidole gumba kiko kwenye kona ya kushoto.

"Hapa pamefutwa," akasema.

Nikamvutia kiti.

"Mtu amefuta wino. Ameona." Akakaa. "Ungeniambia. Mimi ndiye niliyeitia."

Nikamwambia mimi ndiye niliyemtuma. Akasema hilo analijua, nisimfundishe. Halafu akaniambia nimsomee nilichoandika kwenye tangazo. Nikasoma. Nilipofika kwenye mkwaruzo hata mmoja akanikatiza.

"Na pale ulipoiangusha Buigiri, kwenye ile harusi ya mvua?"

"Hapaonekani sana."

"Mimi kipofu napaona."

Jumamosi binti akakaa na simu, mke wangu akaifuta kamera yote kwa kitambaa cha maji, kisha akaishika mapajani na kuyasema maelezo, kidole kikitembea. Hivi ndivyo yalivyokwenda, na binti aliandika neno kwa neno. Kona nne zimechubuka mpaka shaba. Chini kuna bonde dogo, iliangukia jiwe. Ngozi imeachia upande wa kulia, urefu wa ukucha. Mfuniko wa juu ukiufungua unagoma kidogo, usiulazimishe. Shata, spidi za haraka nzuri, ya sekunde nzima inachelewa. Akaniuliza kuhusu lenzi. Nikachukua tochi nikamulika. Ulikuwepo uzi mmoja wa kuvu pembeni, mwembamba kama unywele. Akasema iandikwe. Mwisho akasema iandikwe pia kwamba mara iliyopita tulitia wino, tumeutoa.

"Mama, hilo si lazima," binti akasema.

"Andika."

Picha zilikuwa za dirishani, shuka jeupe, kumi na mbili, kila kovu na picha yake. Nilizipiga mimi. Katika maisha yangu sijapiga picha zilizoniuma kama zile, na nakiri ndizo zilizokuwa safi kuliko zote.

Lakini jina letu pale mnadani lilikuwa limeshawekewa neno la yule wa Arusha, kwamba muuzaji huficha. Kila aliyefungua alilikuta. Siku saba zikapita bure. Tukarudia mara mbili, zikapita tena. Asubuhi nilikuwa namtia matone, na kila siku alikuwa anachelewa kidogo zaidi kujua kwamba nimesogeza mkono. Nilikuwa najaribu kila kitu ninachokijua, na ninachokijua ni kugeuza mtu upande mzuri.

Mara ya nne akajitokeza mtu wa Mbeya. Hakuuliza swali hata moja. Alinunua kwa chini ya nusu ya ile bei ya kwanza, na alipopokea aliandika kwamba kamera iko kama ilivyoelezwa. Binti alinisomea maneno hayo mara mbili. Pesa ile haikutosha, nikauza na mbuzi wa nyumbani, wakabaki wawili, binti akakopa shuleni kwao.

Jicho likapasuliwa mwezi wa nane tangu daktari aseme mitatu. Siku ya kufungua bandeji tulikuwa watatu na muuguzi. Mke wangu akageuza uso kushoto, kulia, akasema anaona mwanga wa mlango, na mtu amesimama mlangoni. Mlangoni nilikuwa mimi. Akauliza ni nani.

Daktari akaja, akaangalia ndani kwa taa yake ndogo muda mrefu. Akasema mtoto wa jicho ametoka vizuri, ila presha ilikuwa imeshakula mshipa wa nyuma. Halafu akasema neno moja tu, bila ubaya: "Mngewahi." Nikamjibu ndiyo.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Kikuyu, bati halivuji. Kiti cha studio, na pazia la maporomoko ambalo hakuna aliyelinunua. Mashine ya kukuzia picha, nayo iko mnadani na kasoro zake zote, haijapata mtu. Koti, na vibanio vyake sita. Kichupa cha wino kilichofika nusu. Deni la binti, tunalilipa. Mbuzi wawili. Mke mmoja, anayeona mlango.