Gari Lililosahau Mkono wa Kapteni

Saa moja asubuhi, Kapteni anasukuma kiti chake cha magurudumu kukatiza ua mdogo wa saruji. Anakwenda kazini. Kazini kwenyewe ni gari dogo jeupe la umeme, lililoegeshwa chini ya bati nyuma ya nyumba yake.

Anafungua mlango, anashika kishikio cha juu, na kwa nguvu za mikono peke yake anajirusha hadi kwenye kiti cha dereva. Anavuta pumzi. Kisha anabonyeza kitufe cha kuwasha.

Skrini inawaka na kuonyesha kwamba betri imejaa. Chini yake yanatokea maneno mekundu ambayo ameyasoma kila asubuhi tangu mvua zianze: *Kifaa kisichotambulika. Gari haliwezi kuondoka.*

"Kapteni, limeamka?" anauliza fundi cherehani wa jirani, kichwa juu ya ukuta.

"Limeamka, bwana. Ila bado halijanikumbuka."

Wanaume hao wawili wanacheka. Mke wa Kapteni, ambaye anafuta vumbi kwenye kioo cha mbele cha gari lisilokwenda popote, hacheki.

Kapteni ni dereva wa teksi, na ni dereva asiye na miguu ya kuendeshea. Zamani aliendesha malori ya masafa marefu. Siku moja alisimama pembeni mwa barabara kubadilisha gurudumu, na lori jingine likamfuata huko huko pembeni. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wa kushoto ulibaki, lakini mishipa yake ilikufa.

"Huyu ni mpangaji asiyelipa kodi," anasema, akiupiga kofi mguu huo. "Yumo ndani, lakini hachangii kitu."

Kwa miaka minne alikaa nyumbani. Mkewe aliendelea kuuza nguo za watoto sokoni, na yeye akabaki dirishani. "Nilikuwa kama saa ya ukutani," anakumbuka. "Mtu akiingia ananitazama, anajua ni saa ngapi, anaondoka."

Aliyemtoa dirishani ni shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyesikia kwamba magari ya umeme hayana klachi wala gia. Familia ilijikamua, na kilichopatikana kikaongezewa fidia ya ajali. Gari likanunuliwa jipya kabisa, likiwa bado na nailoni kwenye viti. Fundi mmoja wa vifaa vya walemavu akalifungia wenzo wa chuma kando ya usukani: ukivuta linakwenda, ukisukuma linasimama. Kati ya wenzo na gari kuna kisanduku kidogo cha umeme kinachopeleka amri ya mkono pale ambapo ingefika amri ya mguu. Wakaguzi wakalipitisha, wakatoa kibali.

"Siku ya kwanza alichelewa kurudi, nikajua kimenikuta kingine," anasimulia mkewe. "Nimekwisha vaa kanga niende hospitali, namwona huyo anaingia. Kumbe alikuwa anauzunguka mji. Hana abiria hata mmoja! Anaendesha tu, macho yamevimba kwa kulia."

Abiria ndio waliomwita Kapteni, kwa jinsi alivyoshika usukani kwa mkono mmoja na wenzo kwa mwingine. Walimzoea upesi. "Gari halinywi mafuta hata tone, lakini mtu akichelewa ananiambia, 'Kanyaga mafuta, Kapteni!'" anasema. "Nawajibu, mafuta hayapo, na mguu wa kukanyagia nao haupo. Kaeni kwa kutulia."

Miongoni mwa abiria hao alikuwamo mzee mmoja wa mtaa wa pili, mwalimu mstaafu wa jiografia. Figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa juma alipaswa kufika hospitali ya upande wa pili wa mji, alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne, kisha arudi nyumbani akiwa hoi.

Kwenda kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kurudi. Madereva wengine humshusha mgonjwa na kuondoka, na mgonjwa aliyetoka kwenye mashine hawezi kusimama kituoni akigombania basi. Kapteni alimngoja. Alilaza kiti, akasikiliza redio, na Mwalimu alipotoka alilikuta gari lipo mlangoni.

Njiani walitaniana. Mke wa Mwalimu anaukumbuka utani mmoja ambao mumewe aliurudia nyumbani mpaka ukamchosha. "Alisema, 'Kapteni hana miguu, mimi sina figo. Tukiunganishwa anapatikana mtu mmoja mzima, na vipuri vinabaki.'"

Halafu ukaja ujumbe kwenye skrini. Sasisho jipya la programu ya gari lipo tayari. Litaongeza usalama na kuifanya betri idumu zaidi. Lilikuwa la tatu tangu gari linunuliwe, na mawili ya mwanzo hayakuleta neno. Kapteni alikubali, akaliacha gari likijisasisha, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, gari halikuujua wenzo. Programu mpya ilikuwa imefundishwa kukitilia shaka kifaa chochote kilichoongezwa nje ya kiwanda, kisije kikawa cha wezi. Kisanduku cha Kapteni kiliingizwa kwenye kundi hilo.

Alipiga simu kwenye kampuni iliyomuuzia. Wakamwambia tatizo wamelipokea, litarekebishwa kwenye sasisho lijalo. Lini? Karibuni. Juma likapita, likaja la pili. Shemeji akamkodia gari la kuvuta, wakalipeleka kwenye ofisi za kampuni. Kijana wa mapokezi, ambaye Kapteni anasisitiza kwamba alikuwa na adabu sana, alimpa njia ya mkato.

"Mzee, tukiutoa huu mkono wa chuma, gari litafanya kazi leo hii."

"Litafanya kazi kwa nani?" Kapteni akamuuliza.



Njia hiyo ilikuwa na mwiba mwingine. Wenzo ukishatolewa, kibali cha ukaguzi kinakufa nao. Kuufunga tena kungehitaji kibali kipya chini ya programu mpya, na hakuna aliyeweza kusema kingetolewa lini, au kama kingetolewa. Lakini bila wenzo, shemeji angeweza kuliendesha gari, na Mwalimu angefika kwenye mashine.

Kapteni alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu kumweleza, mkewe akisukuma kiti. Walimkuta barazani, miguu imevimba kidogo, redio mapajani.

"Nimeamua kuutoa, Mwalimu," alimwambia. "Shemeji atakubeba."

"Nani amekutuma kuamua?" Mwalimu akamjibu kwa sauti yake ya darasani. "Ukiutoa huo mkono hurudi tena barabarani. Utakaa dirishani mpaka uote ukungu. Mimi nimepata dereva mwingine, ananipeleka vizuri na ananingoja. Wewe ngoja gari lako."

"Dereva gani huyo?"

"Humjui. Kijana mzuri, ila hana hadithi."

Kapteni aliamini. Kila siku ya mashine alipiga simu kuuliza hali, na kila siku Mwalimu alimwambia ameenda na amerudi. Sauti ilikuwa ikipungua, lakini Mwalimu alisema ni mtandao.

Hakukuwa na dereva mwingine.

Mke wa Mwalimu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mkubwa, anaeleza hayo akiwa ameketi sebuleni kwake, mikono imelala mapajani. Mwanzoni mumewe alipanda mabasi. Siku moja, akitoka kwenye mashine, alianguka kituoni katikati ya watu. Alijifuta tope, akarudi nyumbani, akanyamaza. Baada ya hapo alikwenda siku moja, akaruka mbili.

"Asubuhi anajiandaa kama kawaida, anachukua mkoba wake, ananiaga," anasema. "Kumbe anaishia kwenye shule aliyofundisha. Kuna benchi pale chini ya veranda. Anakaa mpaka muda wa mashine unapita, halafu anarudi. Namuuliza, 'Leo imekuwaje?' Ananiambia, 'Leo wamenisafisha nimetakata.'"

Aliyempasulia ukweli ni muuguzi, aliyepiga simu kuuliza mgonjwa wake yuko wapi. Siku hiyo hiyo Mama Mkubwa alimkimbiza mumewe hospitali kwa gari la jirani. Maji yalikuwa yamekwisha jaa mapafuni. Alikaa siku mbili, akafariki.

"Nilimuuliza pale kitandani, kwa nini umenifanyia hivi? Akaniambia, 'Yule akijua, ataung'oa ule mkono leo leo. Usimwambie.'" Anakaza midomo. "Nikamwambia, na mimi je? Mimi uliniwazia nini? Alinishika tu kidole hiki."

Daktari aliyemhudumia anasema mzee alikuwa mgonjwa sana na huenda asingefika mbali hata kwa matibabu kamili. Anaongeza, kwa uangalifu, kwamba kukosa mashine hakukumsaidia.

Siku ya mazishi, Kapteni alipelekwa makaburini kwenye gari la watu, amekaa kiti cha nyuma, magurudumu ya kiti chake yakigongana kwenye buti. Njia ilikuwa na mchanga. Vijana wakambeba mgongoni kwa zamu hadi kando ya kaburi. Hapo ndipo Mama Mkubwa alipomwendea na kumweleza yote, licha ya katazo la marehemu, kwa sababu, anasema, hakutaka ayasikie kwa watu.

"Simlaumu. Nimemwambia mbele ya mkewe, simlaumu. Lakini mtu akiamua kujilaumu mwenyewe utamfanya nini?"

Kapteni anapoulizwa kuhusu siku hiyo, anafuata mshono wa usukani kwa kidole. "Kama angenidanganya vibaya ningemshtukia," anasema hatimaye. "Alinidanganya vizuri. Hata yule dereva akamtafutia kasoro, eti hana hadithi. Nikaona wivu, unajua? Mimi nilikaa hapa namwonea wivu mtu ambaye hayupo."

Mkewe anasema tangu hapo mumewe hali vizuri. Hata hivyo kila asubuhi anaingia garini. "Watu wanadhani anangoja gari," anasema kwa sauti ya chini. "Mimi naona anakaa matanga."

Mwandishi wa habari hii alipopiga simu kwenye kampuni, msemaji wake alisema tatizo linafahamika, linawahusu wateja wachache, na linashughulikiwa. Alipoulizwa wachache ni wangapi, alisema hana takwimu hizo mkononi. Alipoulizwa kama programu hujaribiwa kwenye magari ya walemavu kabla haijatumwa, aliahidi kulifuatilia swali hilo. Hajapiga tena.

Sasisho liliwasili Alhamisi iliyopita, siku chache baada ya asubuhi ile ya uani, miezi miwili na siku kadhaa tangu gari lisimame. Halikutanguliwa na simu wala salamu. Shemeji aliiweka simu yake juu ya dashibodi ili gari lipate mtandao, na watu wanne wakasimama kulizunguka. Fundi cherehani alikuja na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini, ukasimama, ukatambaa tena.

*Kifaa kimetambuliwa.*

Fundi cherehani alipiga kigelegele cha kiume, kibaya kweli, mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Shemeji akampiga Kapteni bega. Kapteni aliweka mkono kwenye wenzo na hakuvuta.

"Sasa niende wapi?" aliuliza.

Mkewe alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda. "Twende kwa Mama Mkubwa," alisema. "Vuta."

Akavuta. Gari likateleza kutoka uani bila sauti, kama lilivyokuwa likifanya.

Mama Mkubwa alitoka barazani, akalitazama gari muda mrefu, kisha akaanza kulia, na Kapteni naye akalia akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Mkewe aliwaacha. Kilio kilipopita, Mama Mkubwa alikausha uso kwa ncha ya kanga, akamwambia kwamba amekonda na kwamba hilo halimrudishi mtu.

Ni yeye pia aliyemletea habari za wodini. Kitanda kilichopakana na cha Mwalimu kina mama mmoja muuza mboga, anayeishi peke yake na kurudi kwa basi kila baada ya mashine. Wauguzi wanasema ameanza kuruka siku.

Kapteni amekwisha zungumza naye kwa simu. Jumatatu ataanza kumpeleka, kumngoja na kumrudisha. Shemeji anaandika barua kwa kampuni ili madereva kama yeye waombwe kulijaribu kila sasisho kabla halijatumwa kwa watu, ingawa Kapteni mwenyewe haiwekei barua hiyo matumaini makubwa. Matumaini yake yako karibu zaidi.

"Nikimfikisha huyu mama kila siku yake, hata ikiwa ni mwaka mmoja tu, nitaweza kupita mbele ya ile shule ya Mwalimu," anasema. "Kwa sasa nazunguka."

Jumatatu hatakuwa peke yake. Mama Mkubwa amesema atakwenda pia. Muuza mboga, anasema, huogopa sana sindano ikiingia, na hana mtu wa kumshika mkono.