Mwanangu Alikuja Kunipima Kumbukumbu

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri. Nami nikaanza kuongea peke yangu.

Msinicheke. Nilikuwa naiokoa nyumba yangu.

Ya zamani ninayo yote, hata kikohozi cha mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Ya juzi ndiyo yanateleza kama sabuni. Majuzi nilimuuliza mke wa mwanangu mimba inaendeleaje, na mtoto amelala mgongoni kwake, kafunikwa kanga hata sura sikuiona.

Mwanangu hakucheka. Alisema nikisahau tena, tunafunga nyumba, nakwenda kuishi kwake.

Basi kila alfajiri, chai ikichemka, nilijikumbusha ya karibuni. Mtoto ni wa kike. Dawa ya presha ni asubuhi. Mwanangu anakaa nyumba ya geti la kijani, chumba changu kiko nyuma.

Siku hiyo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa amelala kwangu. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta za zahanati. Alisimama mlangoni, shuka begani, akanisikiliza mpaka mwisho.

Nikajua kimeumana.

“Bibi,” akasema, “unafanya kazi yangu, tena bila mshahara.”

Akanimiminia chai mimi kwanza. Akaeleza kwamba kompyuta yao ina jedwali la wagonjwa wote, kila mmoja na mstari wake, na kuchimbua humo kunachukua muda. Kwa hiyo kabla milango haijafunguliwa, programu yake inasoma mistari ya karibuni na kuipakia kwenye kumbukumbu ya haraka. Daktari akiuliza, jibu linamsubiri.

Kumbe hata mashine hujikumbusha alfajiri. Nikafarijika.

“Ila ina kasoro moja,” akasema. “Jambo likibadilika na kumbukumbu isiambiwe, itakujibu chapchap, kwa kujiamini kabisa, na itakudanganya.”

Hilo nililisahau palepale.

Jumapili mwanangu akaja, mjukuu wangu akiwa bado yupo kwangu. Kwanza alikaza bomba la jikoni lililokuwa linavuja, bila kuombwa. Huyo ndiye mwanangu. Kisha akatoa sanduku langu uvunguni, akaliweka mlangoni, akakaa mbele yangu kama trafiki.

Akauliza habari za mtoto, nikajibu. Akauliza dawa, nikajibu kabla hajafunga mdomo.

“Na mimi nakaa wapi, mama?”

“Geti la kijani. Chumba changu kiko nyuma.”

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema walishahama mwanzoni mwa mwezi, akamgeukia mpwa wake: unaona sasa?

“Mjomba,” mjukuu akasema, “nani alituambia?”

Mwanangu akatoa simu mfukoni. 

Akaipekua. Ujumbe wa kutuarifu alikuwa ameuandika. Kuutuma, alisahau.

Nikamuuliza huko kupya chumba changu kiko upande gani. Akakuna kisogo. Nyumba mpya ni ndogo. Alikuwa amekuja kunipeleka kwenye chumba alichosahau kwamba hana.

“Pole, baba,” nikamwambia. “Ukisahau tena, tunafunga nyumba, unakuja kuishi kwangu.”

Alicheka mpaka akafuta macho. Sanduku akalirudisha uvunguni yeye mwenyewe.

Wenzangu, msimpime mzee kwa habari ambazo hamkumpelekea. Kichwa chake hakina miguu ya kuzifuata.

Alipokuwa anavaa viatu, nikamshika mkono.

“Jumapili njoo tena, mwanangu. Uje na mtoto, nimjue kwa sura. Nimechoka kumkariri.”