Sikio la Upande wa Pili

Namvisha mwanangu sare mpya ya chekechea, na vidole vyangu vinanuka samaki mkavu hata baada ya sabuni. Vya mama vilinuka hivi hivi, kule Gumbo alikouza samaki sokoni. Wakati huo chekechea ilimpokea mtoto aliyeweza kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Mkono wangu haukufika. Kila jioni tukitoka sokoni, mama aliketi hoi na kuuvuta.

"Mama, inauma!"

"Na mimi nachoka kubeba wewe kila siku mpaka sokoni. Laza kichwa kidogo, mwalimu haoni."

Siku ya kupimwa nikalaza, nikapokewa. Siku ya kwanza, kwenye geti la shule, mama aliupima tena mkono wangu.

"Bado mfupi," alisema, na hakuuachia.