Kura ya Baba Kwenye Kitambaa cha Mama

Nilijifunza kuchana karatasi kabla ya kuikata, kwa sababu nyumbani mkasi ulikuwa mmoja na ulikuwa butu. Karatasi iliyochanwa huacha uzi mweupe pembeni. Hadi leo watu wanaonunua picha zangu husema wanapenda ule weupe, na wanadhani niliuchagua.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Tulibaki watatu, mimi ndiye mkubwa. Nilipata kibarua Thika, kwenye yadi ya kununua karatasi kuukuu karibu na Kiandutu. Kazi ilikuwa kuchambua: katoni huku, magazeti kule, karatasi nyeupe za ofisi upande wake. Zile za rangi hazikutakiwa na mtu, kwa hiyo msimamizi aliniruhusu kuzichukua. Nilizibandika juu ya vipande vya katoni kwa uji mzito wa unga wa ngano, ule ule ambao mama alitumia kubandika kalenda ukutani. Kwa matangazo ya sabuni na pakiti za majani ya chai nilitengeneza nyuso za watu.

Uso wa kwanza uliofanana na mtu ulikuwa wa mama. Nilikosa rangi moja tu, ya kitambaa chake cha kichwa. Pinki ya magazeti hung'aa, na kitambaa cha mama kilikuwa kimefuliwa mpaka kikapauka. Rangi yenyewe niliipata chumbani mwetu, ndani ya katoni ya karatasi za baba, chini ya kadi za kliniki. Ilikuwa karatasi ngumu kidogo, ukubwa wa kiganja. Upande mmoja ulikuwa na nambari ya kalamu na muhuri wa zambarau. Nikaigeuza, nikaona pinki tupu, nikaichana vipande vitatu.

Naliandika jambo hili mapema ili ijulikane kwamba hakuna aliyetuibia karatasi ile.

Picha hiyo ilinunuliwa na mama mwenye duka la dawa Ruiru. Aliitundika juu ya benchi la wagonjwa, na kutoka hapo nikapata kazi. Mgonjwa mmoja alitaka baba yake, mwingine akataka arusi ya dada yake. Nilihamia chumba cha Kiganjo chenye dirisha zuri. Niligundua kwamba mende hupenda unga, nikahamia gundi nyeupe ya maseremala. Niliacha katoni nikatumia mbao nyembamba. Mwalimu mmoja wa sanaa alinifundisha kupiga picha kila kazi kabla haijaondoka, na kuandika nyuma yake kila karatasi niliyotumia na ilikotoka. Kazi isiyo na rekodi, alisema, ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Rekodi zangu ni safi. Zinaanza baada ya picha ya mama.

Mwaka jana, mvua ndefu zilipokwisha, nilipigiwa simu na jirani anayeishi kando ya ploti ya baba kule Kimbo. Ploti ile ndiyo kitu pekee tulichoachiwa, na nilikuwa nimewaahidi wadogo zangu kwamba siku moja tutajenga pale, kila mtu chumba chake. Jirani aliniambia lori limemwaga mawe katikati yake. Watu wawili walikuwa wamepima kwa kamba. Alipowauliza ni akina nani, walimsalimu vizuri sana, wakaulizia afya ya wajukuu wake, wala hawakumjibu. Wiki hiyo hiyo kampuni iliyowauzia wazee wetu mashamba ilibandika tangazo: hati za kumiliki zinatolewa, kila mwanachama alete shea na kura, za asili, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Shea ni cheti kinachosema wewe ni mwanachama. Kura ndiyo inayosema utakanyaga wapi. Wazee walikusanyika uwanjani, kila mmoja akaingiza mkono kwenye ndoo na kutoa karatasi yenye nambari, na nambari hiyo ikawa shamba lake.

Nilifungua katoni ya karatasi za baba pamoja na mdogo wangu wa kiume, anayeendesha bodaboda. Shea ilikuwepo. Aliigeuza katoni juu chini, akaipiga kitako. Akasema ameiona kura ya jirani, ni karatasi ndogo ya pinki. Nikakaa chini.

"Nini?" akauliza.

"Iko Ruiru. Kwenye kichwa cha mama."

Alicheka kwanza, kisha akaacha. "Siste, miaka yote unatuambia takataka ni mali. Kumbe ulishika mali ukaichana."



Nilianza na ofisi ya kampuni, nikitumaini kwamba shea ingetosha. Karani alikuwa mzee wa sweta, mpole. Nilimtajia jina la baba. Kitabu kilikuwa mbele yake, kimefungwa, na hakukigusa.

"Nambari hiyo ina mtu," akasema.

Nikamuuliza ni mtu gani.

"Leta kura, mami. Hapa hatusomi hadithi."

Nilipotoka bado nilihisi jinsi alivyolijua jina lile bila kutafuta.

Mwenye duka la dawa alinisikiliza huku akihesabu vidonge vya mteja. Juu ya benchi mama alikuwa akiwatazama wagonjwa kama kawaida. Nilipomaliza, alifunga bahasha ya dawa polepole.

"Uliniuzia mama yako mzima," akasema. "Sasa unataka kitambaa tu."

Aliniruhusu, kwa sharti moja. Nikishatoa ninachotoa, nimrudishe alivyobaki. "Usiniletee mama mwingine," akasema.

Nilifanya kazi hiyo mchana, mlango wazi, mdogo wangu akiwa amesimama nyuma yangu. Uji wa ngano huachia ukilowa, na kama ingekuwa kazi nyingine ningeiloweka kwenye karai. Lakini wino wa muhuri hukimbia kwenye maji, na upande wenye muhuri ndio uliobandikwa. Nilichemsha maji, nikaishika picha juu ya mvuke, mbali kidogo, nikaingiza kisu chembamba chini ya ukingo mweupe.

Kipande cha kwanza kilitoka na ngozi ya paji la uso. Cha pili kilikuwa na muhuri, nusu yake. Nusu nyingine ilibaki kwenye katoni, imegeuka. Cha tatu kilikuwa na nambari. Mende walikuwa wamefika kabla yangu. Walikuwa wameila tarakimu ya mwisho upande wa kushoto.

"Hiyo ni tatu," mdogo wangu alisema. Baadaye, kwa sauti ya chini, "Au nane."

Ijumaa jirani alikubali kufuatana nami. Karani aliviinua vipande vyangu kwenye mwanga wa dirisha, akasema alivyosema mdogo wangu. Jirani akafungua mkoba wake, akaweka kura yake kando ya yangu. Yake iliishia na mbili. Ploti inayofuata ni yetu. Karani alizitazama, akafungua kitabu, na ndipo nikaliona jina lililokuwa limeandikwa pale, kwa wino mpya, sehemu ya baba. Hakulifuta. Akaandika letu chini yake.

"Mtaitwa wote wawili," akasema. "Hii niachie."

Nilimwambia sitaiacha. Apige kopi anavyotaka, niko hapa. Alinitazama, kwa upole ule ule, akanirudishia.

Hatujaitwa. Picha ya mama imerudi Ruiru, na juu ya macho yake kuna katoni tupu ya kahawia. Naambiwa wagonjwa hukwepa kukaa upande ule wa benchi.

Chumba cha Kiganjo nimekiacha. Mdogo wangu alibeba mabati kwa pikipiki, safari tatu, tukajenga kibanda ndani ya ploti ya Kimbo, na hapo ndipo ninapofanyia kazi sasa. Kila asubuhi nakuta mawe yameongezeka. Mtaro wa msingi umezunguka kutoka upande wa barabara mpaka hatua chache kutoka mlango wangu. Fundi wa msingi huo ni mtu mwema. Hunisalimu, na mara moja alisifu picha niliyokuwa nikiifanya. Jana alisimama mlangoni, akitazama miguu ya meza yangu.

"Mwenyewe amesema Jumatatu tufike hapo," akasema, akaonyesha kwa mwiko wake wa saruji.

Nikamwambia Jumatatu atanikuta. Kisha nikachana karatasi nyingine.