Kugonga Upande wa Pili wa Ukuta

Siku ile naikumbuka kwa mikono zaidi kuliko kwa kichwa, mwanangu. Nikishika tu mchanga uliolowa, yote yananirudia. Ilikuwa kiangazi hapa Kamina, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya chumvi, na baba yangu amelala chumba cha nyuma akikohoa. Hospitali walikuwa wametuambia tumrudishe nyumbani. Unajua maana ya neno hilo. Hata mimi nilijua.

Baba alikuwa fundi wa krepi, yaani ile saruji na mchanga inayopigwa juu ya matofali mpaka ukuta unakuwa laini, tayari kwa rangi. Nyumba nyingi za mtaa wetu, na hata za familia za wanajeshi kule Base, alizilainisha yeye. Yetu ilibaki matofali matupu, meusi kwa moshi wa mbabula, jiko letu la makaa. Mganga hajigangi. Kaka yangu alikuwa Lubumbashi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemchanganyia Baba mchanga tangu utoto, na taloshi, ule ubao wa kulainishia, niliuzoea kama kijiko. Usinicheke. Mwanamke kupiga krepi! Walicheka wengi, halafu wakaja kuniita nyumbani kwao.

Basi nikajiambia: Baba anakufa. Watu wa kilio watatoka Kaniama, watatoka Kabongo, watakaa chumba cha mbele wakiangalia matofali. Watasema, tazama huyu, aliwavalisha wote akaishi uchi. Aibu ilinishika kabla ya huzuni, mwanangu. Nikaamua ule ukuta wa chumba cha mbele, unaokitenga na chumba cha Baba, uwe umepigwa krepi na kupakwa rangi nyeupe kabla Baba hajafumba macho.

Haraka niliyokuwa nayo, ee mama! Matofali yetu ya kuchoma yamejengwa kwa udongo, na wakati wa kiangazi yana kiu mbaya. Ilinipasa kukwangua ule udongo kwenye maungio, kufagia vumbi, kumwagia ukuta maji jioni na tena asubuhi. Mimi nilinyunyiza kikombe kimoja nikaanza kurusha krepi nene. Ilikaa vizuri kwa macho. Haraka haraka haina baraka, methali hiyo niliijua tangu shule, lakini kuijua ni kitu kingine.

Jioni Baba akatoka akijishikiza mlangoni. Akagonga krepi kwa kifundo cha kidole, ko ko ko. Ikalia tupu kama debe.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mugeni akitoka mbali, akiingia mu nyumba, unamupa nini ya kwanza?"

"Mayi, Baba."

"Mbele ya kumuuliza habari?"

"Mbele."

"Na huu ukuta, weye uliupa nini? Iko na kiu. Sasa iko nakunywa mayi ya krepi yako, na krepi itaanguka. Tosha yote, bandua."

Nilibandua nikilia. Nilimkasirikia, siwezi kukuficha. Mimi nakimbizana na kifo chake, na yeye mwenyewe ananirudisha nyuma!

Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikafanya alivyotaka. Nikakwangua, nikafagia, nikaunywesha ukuta mpaka matofali yakaacha kufanya sssss. Nikarusha tabaka la kwanza, jembamba, ambalo halilainishwi. Linaachwa na meno yake ili la pili lipate pa kushika. Halafu unangoja. Hapo hakuna ujanja, hata uwe fundi wa mfalme.

"Saa ya kungojea, kuya uikale na minyi," Baba akaita kutoka kitandani, niende nikae naye.

"Nakuya, Baba."

Sikwenda. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchekecha mchanga ambao ulikuwa umeshachekechwa. Kumtazama akitafuta pumzi kulinishinda. Niliogopa, basi.

Kesho yake nikapiga tabaka la pili. Kitanda cha Baba kiliegemea ukuta huo huo, upande wake. Nikasikia, ko ko. Nikajua anapima, maana kila fundi hupima krepi kwa kugonga.

"Imeshika, Baba!" nikapaza sauti.

Ko ko ko.

"Imeshika, usiogope!"

Nikavuta rula, ule ubao mrefu wa kunyooshea, nikazungusha taloshi, nikanyunyiza maji, nikazungusha tena. Ukuta ulianza kulainika kama shavu la mtoto. Nilifurahi hata, mwanangu. Nilifikiri tunafanya kazi pamoja kama zamani, yeye upande wake, mimi upande wangu. Baadaye kugonga kukapungua, kisha kukaacha. Nikasema moyoni, mzee ameridhika.

Nilipomaliza niliingia kwake, saruji imenikaukia mikononi.

"Baba, uliisikia? Haiko nalia tupu tena."

"Niliisikia tangu asubuhi," akasema polepole. "Minyi nilikuwa nakuita, Mama."

"Kuniita? Si ulikuwa unapima?"

"Kulikuwa neno nilitaka kukuambia."

"Sema, Baba. Niko hapa."

Akafumba macho. "Pumzi imeisha. Kesho."

Kesho yake aliamka haongei. Alinitazama tu. Sasa ndipo nilipokaa, nimeshika mkono wake, siku nzima sikuondoka hata kunywa maji. Jua lilipokuwa linashuka, akatuacha. Neno lake alikwenda nalo.

Watu wa kilio walikuja kama nilivyowawazia. Rangi ilikuwa haijapakwa, kwani krepi mbichi haipakwi rangi, na nikawaomba wasiegemee ukuta. Wakakaa katikati ya chumba, wamebanana, wanasifu. "Aka, hii krepi iko muzuri! Ni nani alifanya?" Kila sifa ilinichoma. Kaka alifika kwa treni tumeshazika. Alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo kila mtoto wa marehemu huuliza kwetu: "Baba aliacha neno gani?"

Nikamwonyesha ukuta.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka ameota mvi. Ule ukuta bado upo, umepakwa rangi mara nyingi, haujapasuka popote. Haunifariji. Siku nyingine nikiwa peke yangu naingia chumba cha nyuma, nakaa palipokuwa kitanda, nagonga ko ko, kisha naona haya na kutoka.

Mwanangu, sikia basi. Ukuta uunyweshe kabla ya kuupa krepi, na mzee akikuambia ubandue, bandua hata kama machozi yanakutoka. Hilo nililifuata, na lilikuwa sahihi. Ambalo sikulifuata ni hili: krepi inapokauka, usijitafutie kazi nyingine ya kujifichia. Saa ile ya kungoja ndiyo saa ya kwenda kukaa na mtu wako, hata kama kumtazama kunakuogopesha. Na ukisikia amegonga, usimjibu kwa mbali. Weka mwiko chini, nenda na mikono yako michafu hivyo hivyo, umuulize anataka nini. Krepi ikiharibika utabandua, utapiga nyingine. Baba hapatikani mara ya pili.

Vidye, Mungu wa bankambo, mababu zetu, akupe nyumba yenye kuta zinazoshika. Awape wazee wako muda wa kukuachia neno, na wewe akupe muda wa kulisikia. Na siku ya kwako ikifika, ukigonga, aje mtu.